Akaunti Iliyoachwa Wazi

Mtu aliyejifunzia intaneti kwenye simu hajui kufunga akaunti. Ukimwambia afunge, anakukodolea macho. Afunge ya nini? Simu ni yake, inashinda mfukoni na inalala naye kitandani, inamtambua kwa kidole na kwa uso. Akipangusa kioo, dunia iko pale pale alipoiacha. Zamani mambo hayakuwa hivyo. Zamani intaneti ilikuwa mahali. Uliiendea kwa miguu, ukasubiri zamu, ukakalia kiti chenye joto la mwenzako, na ulipomaliza ulifunga chako ukaenda zako. Ukisahau, Dada Mtandao alikufungia.

Dada Mtandao ni jina alilopewa na watu wa mtaa, nalo lilikuwa limemkaa miaka mingi hata la kuzaliwa likabaki kwenye kitambulisho tu. Duka lake la intaneti lilikuwa chumba kimoja kilichobanana ukutani na kibanda cha fundi viatu. Enzi zake zilikuwamo kompyuta tisa na foleni iliyofika mpaka kwenye rundo la soli za fundi. Aliwafungulia watu barua pepe zao za kwanza, akawabunia maneno ya siri, akawajazia fomu za kazi, za vyuo na za safari. Wako waliochumbiana mle ndani, mmoja kwenye kompyuta namba mbili na mwenzake kwenye namba tano, wamepeana migongo, wanaandikiana barua ndefu za mapenzi, na yeye anajifanya kuhesabu karatasi.

Alikuwa na sharti lake moja, na sharti hilo ndilo lililomjengea heshima. "Mtu akiacha akaunti wazi ni kama amesahau nguo bafuni," alikuwa akisema. "Unageuza uso, unamfungia." Kila jioni alizunguka kompyuta zote na kipande cha boksi mkononi. Alikiegemeza kwenye skrini, kikaziba kila kitu isipokuwa kona ya juu kulia, pale penye kitufe cha kutokea. Akabonyeza, akahamia inayofuata. Watu walimcheka kwa kile kipande cha boksi, lakini walimwamini kwa ajili yake. Mambo ya mtaa mzima yalipita mikononi mwake, na hakuna lililowahi kusikika kwa jirani.

Kisha zikaja simu. Wateja hawakuaga. Walipungua mmoja mmoja, na wale aliokutana nao njiani waliinamia simu zao ghafla, kama walioitwa kwa dharura. Waliobaki walikuja kutoa karatasi tu, kwa kuwa simu haijajifunza kutema karatasi. Siku moja mzee mmoja alimwambia, "Mimi intaneti situmii kabisa, binti yangu, mimi natumia simu tu," na huku anamwambia hivyo, kwenye kiganja chake watu wa nchi ya mbali wanacheza mpira. Dada Mtandao hakubishana naye. Kompyuta zilibaki nne, na moja ilikuwa imepoteza kitufe cha R, ukiandika "barua" inatoka "baua".

Nyumbani alikuwa na mdogo wake wa kike. Walimwita Kitinda kwa kuwa ndiye aliyefunga uzazi wa mama yao, na mama mwenyewe alifariki Kitinda akiwa na miaka tisa. Dada Mtandao alikuwa na ishirini na minne. Alimlea kwa ile foleni ya watu, akamsomesha, akamtafutia kazi kwenye duka la dawa, akamwekea kitanda chake ndani ya chumba kimoja na cha kwake, umbali wa mkono. Mwanamume mmoja mwenye subira alimposa, akasubiri, subira ikamwisha. Dada hakujuta. Alisema mtoto kwanza.

Miaka miwili nyuma Kitinda alinunua simu, na tangu hapo akawa analala amegeukia ukuta, mwanga wa kioo ukimpaka shavu. Dada alidhani ni mapenzi. Alifurahi kimoyomoyo, akaanza hata kujipangia maneno ya kumkaribisha huyo kijana siku atakapoletwa nyumbani.

Jumatatu moja, saa saba mchana, Kitinda aliingia dukani anahema.

"Dada, kuna karatasi nataka kutoa. Haraka, muda wangu wa kula unaisha."

"Kaa namba tatu," alisema Dada, ambaye alikuwa anahangaika na printa ya mteja mwingine.

Kitinda alifanya wanavyofanya watu wa simu. Alifungua ukurasa wa meseji kwenye kompyuta, ukatokea mraba wa vidotodoto, akauelekezea simu yake, na meseji zake zote zikahamia kwenye skrini kubwa. Akatoa karatasi nne, akazikunja zingali na moto, maandishi kwa ndani.

"Za nini hizo?"

"Semina. Kazini wananipeleka semina Alhamisi. Siku tatu."

"Nikupangie nguo?"

"Usijisumbue, dada yangu," alisema Kitinda, na alikwishafika mlangoni.

Saa kumi na moja Dada Mtandao alishika kipande chake cha boksi. Alipofika namba tatu alikiegemeza kama kawaida, akaelekeza macho kwenye kona ya juu kulia. Lakini kona ile ndiyo kompyuta inapotangazia meseji mpya. Ililia *ting*, kikatokea kisanduku kidogo, na ndani yake yakasomeka maneno ya mjomba wao: "Na Dada Mtandao hajashtuka bado?"

Jina lake lilikuwa pale pale aliporuhusiwa kutazama. Kisha akaweka boksi chini, akavuta kiti, akakaa.

Kundi liliitwa "Safari ya Kitinda". Lilikuwa na miezi saba na watu kumi na wanane. Alimkuta humo mjomba, shangazi, watoto wa shangazi, binamu ambao hawakuwa wameonana nao tangu msiba wa mama, na hata mwenye duka la dawa. Kitinda alikuwa anakwenda kusomea uuguzi nje ya nchi. Miaka mitatu. Ndege ilikuwa Alhamisi, saa nane mchana. Fomu alizijaza mwenyewe kwenye simu, kitandani, amegeukia ukuta, na dada aliyewajazia fomu nusu ya mtaa akiwa amelala umbali wa mkono, anamwombea mchumba mwema.

"Aambiwe ukishapaa," alikuwa ameandika shangazi. "Akijua sasa atalia, atapandisha presha, atakuzuia. Namfahamu."

Chini yake palikuwa na ujumbe wa sauti wa Kitinda. Dada aliubonyeza, na sauti aliyoifundisha kusoma ikajaza chumba. "Shangazi, wala usiwe na wasiwasi. Nimeshamwambia ni semina. Nikimwonyesha karatasi imeandikwa semina basi yamekwisha, dada bado anaamini kila kinachotoka kwenye printa." Akacheka. Watu wakajibu kwa sura za kucheka. Dada alizihesabu, zilikuwa kumi na moja.

Aliumia. Hakuna neno jingine la kulipamba. Safari haikumuuma, kwani nani asiyependa mtoto wake aende mbele? Kilichomuuma ni kuchekwa na ukoo mzima kwa miezi saba huku anawapelekea salamu. Alikumbuka kwamba wiki mbili tu nyuma shangazi alimpigia simu, wakaongea muda mrefu juu ya maumivu ya miguu, na shangazi akamalizia kwa kusema, "Mdogo wako ana bahati kuwa na wewe." Kumbe aliyasema hayo huku tarehe ya ndege anaijua.

Alikwishajua anachokitaka kabla hajasimama. Alitaka kuambiwa. Kitinda amwambie kwa kinywa chake kabla ya Alhamisi, hata kama ni mlangoni na begi begani, naye angemsamehe yote, vicheko vyote kumi na moja, na angembebea hilo begi. Basi akaizima skrini na akaunti akaiacha wazi. Hilo alilifanya mwenyewe, asisingiziwe shetani.

Usiku huo walipokuwa wanakula alianza kwa mbali.

"Hiyo semina inahusu nini hasa?"

"Namna ya kuhifadhi dawa," alisema Kitinda. "Joto, unyevu, mambo hayo."

"Ni mbali?"

"Si mbali sana."

Jumanne Dada alishusha begi kubwa kutoka juu ya kabati, akalifuta vumbi, akaliweka kwenye kitanda cha mdogo wake. Kitinda akacheka kidogo. "Begi lote hili la nini, dada? Siku tatu tu!" Akalirudisha juu. Asubuhi yake, kabla hata ya kufagia duka, Dada aliwasha skrini ya namba tatu. Kitinda alikuwa ameandika usiku: "Leo dada kaniletea begi. Nimejisikia vibaya sana." Mjomba akamjibu: "Kaza moyo, zimebaki siku mbili." Dada aliisoma ile ya kujisikia vibaya mara tatu. Aliishikilia siku nzima. Mtu anayejisikia vibaya, alijiambia, yuko hatua moja tu kutoka kusema.

Jumatano Kitinda alirudi mapema, jua bado limelala kwenye dirisha. Dada alikuwa anampigia pasi sare ya duka la dawa, sare ambayo wote wawili walijua haitavaliwa tena, ila mmoja alidhani anajua peke yake. Kitinda alisimama akamtazama. Kisha akaja akamkumbatia kwa nyuma, kwa nguvu, kidevu begani, na akakaa hivyo. Dada aliinua pasi asije akaunguza nguo. Akangoja. Aliusikia moyo wa mtoto ukimgonga mgongoni.

"Dada," alisema Kitinda.

"Naam, mwanangu."

"Chumvi imeisha."

Dada aliiweka pasi wima. Akaizima, akageuka.

"Ndege inaruka saa nane," alisema. "Karatasi zinataka uwepo pale saa tano. Chumvi utaikuta hukohuko."

Kitinda alirudi nyuma mpaka kitanda kikamgonga magotini.

"Umesoma meseji zangu?"

"Uliiacha akaunti wazi."

"Nimekuuliza umesoma? Wewe? Wewe wa kipande cha boksi?"

"Nimesoma!" Sauti yake ilimshtua mwenyewe. "Nimesoma zote, na sauti nimesikiliza. Watu kumi na wanane, Kitinda! Mpaka bosi wako! Mimi nilikuwa mtu wa ngapi? Kama ulikuwa unaniogopa ungeniambia wa mwisho, ningekubali kuwa wa mwisho, lakini hata wa mwisho sikuwamo. Nimekuvua nguo za shule na kukuvalisha za kazi. Nimeacha kuolewa. Kweli shukrani ya punda ni mateke."

Alitegemea machozi. Alikuwa amejiandaa kuyafuta. Badala yake Kitinda alitoa simu, akaandika neno moja kwenye sehemu ya kutafutia, akaipangusa mara mbili na kumnyooshea.

"Soma. Si unapenda kusoma?"

Ilikuwa barua pepe ya chuo cha uuguzi, chuo cha hapa hapa nchini ila mji wa mbali. Ilikuwa ya miaka sita iliyopita. Tunafurahi kukujulisha kwamba umechaguliwa. Tafadhali thibitisha ndani ya siku kumi na nne.

Dada hakuhitaji kuisoma. Aliikumbuka hata ilivyokaa kwenye skrini asubuhi ile, kabla hajawafungulia wateja. Yeye ndiye aliyemfungulia Kitinda ile barua pepe na kumbunia neno la siri, na siku zile alikuwa akiichungulia kila asubuhi, kwa wema tu, ili awe wa kwanza kumpa habari njema. Habari njema ilipofika alikaa akaitazama. Nyumba ilikuwa imeshazoea sauti mbili. Akaisogeza kwenye folda ya matangazo, mahali ambapo mtoto hakuwahi kupafungua. Alijiambia atamwambia kesho. Siku kumi na nne ni kesho kumi na nne tu, zikaisha, na baada ya hapo kusema kungekuwa ukatili. Mwishowe alikuwa amelisahau, kama mtu anavyosahau jipu lililopona.

"Nilikuwa natafuta tangazo la kazi," alisema Kitinda. "Simu bado mpya. Nikaandika neno chuo, ikatoka hii. Imefunguliwa. Mimi sikuifungua. Neno langu la siri lilijulikana na watu wawili tu duniani."

"Ulikuwa mtoto."

"Nilikuwa na miaka ishirini. Nililia wiki nzima. Unakumbuka ulivyonibembeleza? Ulinifuta machozi kwa mkono wako ukaniambia Mungu hajapanga." Akairudisha simu mfukoni. "Leo unalia umefichwa miezi saba. Mkuki kwa nguruwe, dada. Kwa binadamu mchungu."

Dada Mtandao alishika ukingo wa meza. Angeweza kusema samahani, neno lilikuwa pale mdomoni. Lakini hasira nayo ilikuwa imesimama mlangoni na ndiyo iliyotoka kwanza.

"Miaka miwili unalijua hili? Unalala hapo, unakula na mimi, unaniita dada yangu, miaka miwili?"

"Nilikuwa nakusubiri useme," alijibu Kitinda. "Mwenyewe. Kwa mdomo wako. Kuna siku nilikuuliza kama kile chuo kiliwahi kujibu. Ukaniambia hapana, tena ulikuwa unachambua mchele, hata hukuinua uso."

Mtu anaweza kudhani makosa mawili yakikutana yanafutana, kama watu wawili waliokanyagana wakacheka na kuendelea na safari. Haya hayakufutana. Dada alijiona mwizi, na papo hapo alijiona ameibiwa, na katika hayo mawili alishindwa kujua ashike lipi alitupe mbele ya mwenzake.

Kitinda alimpigia shangazi. Hakujificha tena, aliongea mbele yake. "Amejua. Amesoma meseji zangu zote. Ndiyo, amesoma mwenyewe." Dada alisikia upande wa pili shangazi akimaka, na sauti nyingine za nyuma zikimaka, na alielewa kwamba kabla jua halijazama ukoo mzima utakuwa na hadithi yake. Mdogo mtu anafukuzia masomo, na dada mtu anampekua. Hakuna atakayesimulia folda ya matangazo, kwa sababu Kitinda hakuitaja. Alimwachia hiyo. Ilikuwa heshima yake ya mwisho kwake, na Dada aliipokea kwa kunyamaza.

"Nalala kwa shangazi," alisema Kitinda, tayari ana mkoba. "Kesho usije. Tafadhali. Nikikuona nitashindwa kupanda, na nikishindwa nitakuchukia maisha yangu yote."

Alitoka. Sare ilibaki mezani, mkono mmoja umenyooka na mwingine una makunyanzi.

Alhamisi Dada Mtandao alifungua duka saa mbili kama siku zote. Aliwasha namba tatu. Meseji hazikuwapo, palikuwa na ule mraba wa vidotodoto tu, unangoja simu ya mtu mwingine. Kitinda alikuwa amejifunza kufunga, tena akiwa mbali. Wakaja watu watatu kutoa karatasi. Ilipofika saa tano alihesabu mpaka kumi, akakaa. Ilipofika saa saba alisimama, akachukua mkoba na kufika barabarani kabisa, akarudi. Saa nane alikuwa anamfundisha mama mmoja jinsi ya kusogeza kipanya, na mama yule alishangaa kwa nini mwalimu wake anasema, "Haya, nenda. Nenda tu. Usiogope."

Ijumaa asubuhi fundi viatu aliingia bila kubisha hodi, miwani juu ya paji la uso, simu mbele kama sinia.

"Hongera, jirani! Kumbe una mambo makubwa unakaa kimya? Mwanangu kanionyesha, imezagaa kote!"

Ilikuwa picha ya uwanja wa ndege. Kitinda alikuwa katikati, koti jipya, amevimba macho lakini anatabasamu. Kushoto mjomba. Mbele kabisa, wima, shangazi ambaye miguu haimruhusu kupanda ngazi mbili. Pembeni binamu, watoto wa binamu, na bosi wa duka la dawa na mkewe. Chini mjomba alikuwa ameandika: "Familia nzima tumemsindikiza binti yetu."

"Sasa mimi nimekutafuta humu," alisema fundi. "Nimeikuza picha mpaka sura zikawa madoa. Nikasema haiwezekani, huyu ndiye aliyemlea, atakosaje? Uko wapi wewe?"

Dada Mtandao aliichukua simu. Alipitisha kidole kwenye nyuso zote, taratibu, moja baada ya nyingine, kama na yeye anajitafuta.

"Mimi ndiye niliyepiga," alisema.

"Ahaa!" Fundi alijipiga paji la uso, miwani ikadondoka puani. "Ndiyo maana! Nami nahangaika! Umeipiga vizuri sana, wote wameenea."

"Mkono ulinitetemeka kidogo," alisema Dada, akamrudishia simu yake.